Kutoka "haloo" hadi 4G: safari ya busta za Embu na Meru

Leo nataka kujibu swali ambalo naulizwa karibu kila nikishuka kwenye matatu nyumbani: "Wewe kijana wa kompyuta, mbona simu yangu ina vijiti vinne vya netiweki, lakini nikitumiwa picha inazunguka tu haifunguki?"

Mwenye kuuliza ana haki ya kushangaa. Netiweki anaiona. Bando amenunua. Busta iko pale mlimani, taa yake nyekundu inawaka usiku kucha. Sasa tatizo liko wapi?

Jibu fupi ni kwamba vile vijiti vinapima nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye busta, basi. Kwa simu ya kuongea hilo lilitosha kabisa: mawimbi yakiwa na nguvu, sauti inasikika. Kwa intaneti ya kasi kuna mambo mengine manne au matano ambayo kijiti hakiyaoni. Jibu refu linahitaji turudi nyuma kidogo, kwa hiyo tafuta kikombe cha chai uketi.

Kwanza nijitambulishe kwa wageni. Mimi naandika programu za simu na kompyuta, ndiyo riziki yangu. Nilizaliwa Mbeere, upande wa Siakago, nikasoma Embu mjini, na miaka hii kazi zangu nyingi ziko Meru. Barabara ya Embu kwenda Meru naijua kona kwa kona: Runyenjes, mto Thuci, Chuka, Daraja la Nithi, Igoji, Nkubu. Nimeipita nikiwa na simu za kila kizazi, na kila kizazi kilikuwa na mabonde yake ya kukatika.

Haya, tuanze. Simu za mkononi ziliingia Kenya mwaka 1993 chini ya shirika la posta na simu, KPTC, kwa mfumo wa analogi ulioitwa ETACS. Zilikuwa simu za wakubwa wa Nairobi, sisi wengine tulizisikia tu. Mwaka 1996 ukaja mfumo wa dijitali, GSM. Mwaka 1999 KPTC ikagawanywa: Telkom Kenya ikabaki na simu za waya, Posta ikasimama peke yake, na tume ya CCK ikawa msimamizi. Mwaka 2000 Safaricom, ikiwa na Vodafone kama mshirika, na KenCell zikaanza kuuza laini kwa kila mtu. Hapo ndipo milingoti ilipoanza kuota vilimani kama uyoga. Huku kwetu tuliiita busta, na jina hilo limebaki mpaka leo.

Busta ya GSM inafanyaje kazi? Inachukua kipande cha masafa chenye upana wa kilohezi 200 na kukigawa kwa wakati, zamu nane. Fikiria watu wanane wanaochota maji kwenye mfereji mmoja kwa kupokezana, kila mmoja kikombe kimoja, halafu mstari unaanza upya. Mzunguko mzima unachukua chini ya sekunde moja gawanya kwa 200, kwa hiyo sikio lako haligundui kwamba sauti inakuja vipande vipande.

Ukipiga simu unapewa zamu moja, na ni yako mpaka ukate. Ukinyamaza ukifikiria la kusema, zamu yako haiendi kwa mtu mwingine. Ndivyo simu za waya zilivyofanya kazi tangu zamani: unapewa njia nzima, unailipia kwa dakika. Sasa piga hesabu. Busta ndogo ya kijijini yenye vipande viwili vya masafa upande wenu ina zamu 16. Ukiondoa moja au mbili za kuongozea mambo, zinabaki kama 14. Mtu wa 15 akipiga simu jioni ya Krismasi anaambiwa mtandao una shughuli nyingi. Vijiti vyake vimejaa, ila mfereji una foleni.

Kuna jambo lingine kuhusu GSM ambalo watu wa nyanda za chini wanapaswa kulijua. Kwa kuwa kila simu lazima izungumze kwenye zamu yake hasa, busta inabidi ijue mawimbi yanachukua muda gani kufika, na hesabu hiyo ina kikomo cha kilomita 35 hivi. Kule Mbeere, ambako nchi imelala kuelekea mto Tana na mabwawa ya Seven Forks, busta moja iliyowekwa juu ya kilima iliweza kuwafikia watu wa mbali sana. Imenti na Embu ya juu ni matuta na mabonde yaliyopangana kama mbavu, yote yakiteremka kutoka Mlima Kenya. Huko mawimbi hugonga tuta kabla hata ya kilomita tano. Kwa hiyo ramani ya netiweki huku kwetu ilichorwa na mlima kwanza, kampuni zikafuata.

Na sauti ile ilifanya kazi kubwa. Chukua miraa ya Igembe. Ikikatwa leo asubuhi inatakiwa ifike sokoni ikiwa mbichi, na bei ya leo si ya jana. Zamani mkulima alingoja mnunuzi aje na bei yake mdomoni. Baada ya busta kufika Maua, mtu aliweza kumpigia jamaa yake Eastleigh na kuuliza bei kabla gari halijapakia. Simu ya dakika moja ilibadilisha nani mwenye nguvu katika mazungumzo yale. Hakuna aliyehitaji intaneti ya kasi kwa hilo.

Lakini data ikaja kubisha hodi. Mwanzoni ungeweza kutuma data juu ya simu ya GSM kama vile unapiga simu ya kawaida. Kasi ilikuwa kilobiti 9.6 kwa sekunde. Picha ndogo ya kilobaiti 60 inachukua sekunde 50 hivi, na muda wote huo unalipa kama mtu anayeongea. Ni sawa na kukodi matatu nzima kutoka Embu hadi Meru ili kupeleka bahasha moja.

Hapo ndipo wazo kubwa lilipoingia, nalo ndilo moyo wa habari hii yote. Badala ya kukodi matatu nzima, gawanya mzigo wako katika bahasha nyingi ndogo, kila moja iwe na jina la anayepelekewa, kisha zipachike kwenye gari lolote lenye nafasi. Sisi hufanya hivyo kila siku stejini. Wataalamu wanaita bahasha hizo pakiti, na mfumo wa kwanza wa pakiti kwenye GSM ni GPRS. Busta ilibaki ile ile na masafa yale yale. Kilichoongezwa ni programu mpya kwenye busta na mitambo mipya makao makuu, ya kupokea pakiti na kuzipeleka intaneti, ikikaa kando ya ule mtambo wa zamani wa kuunganisha sauti. Malipo nayo yakabadilika: ulilipia ukubwa wa mzigo, dakika zikasahaulika.

Ila katika GPRS sauti ndiyo bwana wa nyumba. Data ilipewa zamu ambazo hakuna aliyekuwa akiongea. Watu wakianza kupigiana jioni, zamu za data zinachukuliwa moja moja. Ukiwa unasoma barua pepe halafu mtu akupigie, data inasimama mpaka umalize kuongea. Nakumbuka mwaka 2006 nilikuwa Embu mjini nikiunganisha kompyuta na simu kwa Bluetooth. Programu ya megabaiti 5 ilinichukua zaidi ya robo saa, na nilijifunza kufanya kazi hiyo alfajiri, wakati waongeaji wamelala.

Kisha ikaja EDGE, ile herufi E unayoiona juu ya simu. EDGE ilitumia zamu zile zile nane, ila kila pigo la wimbi lilibebeshwa biti tatu badala ya moja. Kwa mtu aliye karibu na busta kasi ilipanda hadi kilobiti 200 kwa sekunde, wakati mwingine zaidi. Kwa mtu aliye mbali, mawimbi yamechafuka njiani, biti tatu hazitambuliki tena, na simu inarudi kwenye mwendo wa zamani. Basi hapo tayari watu wawili wanaosoma herufi moja juu ya simu zao wanapata huduma tofauti kabisa.

Nisipotaja jambo moja hapa nitakuwa sijasema kitu. Huduma ya data iliyobadilisha maisha ya Wakenya kuliko zote haikupita kwenye GPRS wala EDGE. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa menyu ndani ya laini, ikituma SMS zilizofungwa kwa siri. Na SMS hupita kwenye zile zamu za kuongozea mambo, zile ambazo busta huzitumia kuiambia simu "unapigiwa". SMS moja ina baiti 140, ndizo zile herufi 160 zilizobanwa. Huduma za nyota na reli nazo hupita njia hiyo hiyo nyembamba. Mama yangu kule Siakago, akiwa na simu yake ya mulika mwizi, alikuwa akipokea pesa miaka kadhaa kabla hajaona intaneti ya kasi. Alikuwa mtumiaji wa data bila kuambiwa.

Sasa tufike 3G. Safaricom ilipata leseni yake mwaka 2007 na kuanza biashara ya 3G mwaka 2008. Hii haikuwa programu mpya tu. Ilihitaji redio mpya, antena mpya na masafa mapya, megahezi 2100. Kipande kimoja cha masafa kilikuwa na upana wa megahezi 5, mara 25 ya kile cha GSM, na hakikugawanywa kwa zamu. Wote wanaongea kwa pamoja, kila mmoja akiwa na msimbo wake. Ingia Maua siku ya soko utaelewa: hapa Kimeru, pale Kisomali, kule Kiswahili, na kila mtu anamsikia mwenzake kwa sababu anaifuata lugha yake na kuzichukulia nyingine kama makelele.

Mfano huo unaonyesha pia udhaifu wake. Soko likijaa makelele, aliye mbali hasikiki tena hata akipaza sauti. Ndivyo ilivyo kwa 3G: watumiaji wakiwa wengi, eneo linalofikiwa na busta linasinyaa, na wa pembeni ndio wa kwanza kutupwa nje. Tena mawimbi ya megahezi 2100 hayapenyi kuta wala kuzunguka matuta kama yale ya megahezi 900 ya GSM. Kwa hiyo busta ile ile, kilima kile kile, ilifikia kijiji kwa sauti na isikifikie kwa intaneti. Watu walidhani wamebaguliwa, kumbe ni fizikia. (Ingawa fizikia na hesabu za biashara huwa zinaelewana sana. Mitambo mipya haikuanza Kiritiri. Ilianza mahali penye watu wengi wenye simu za kuipokea.)

Na hata redio mpya ikifungwa, kuna kitu kingine ambacho mwenye simu hakioni kabisa: ile njia inayotoka kwenye busta kurudi mjini. Busta haijui WhatsApp iko wapi. Inapokea kutoka kwako na kupeleka nyuma, kwa kawaida kupitia zile sahani nyeupe zinazotazamana kutoka kilima hadi kilima. Enzi za sauti, njia ya kawaida ilikuwa ya megabiti 2 kwa sekunde, nayo ilitosha, maana simu moja ya GSM inahitaji kilobiti 13 tu. Sasa funga redio ya 3G inayoweza kutoa megabiti 7 kwenye busta hiyo, uache njia ya nyuma vile ilivyo. Umejenga stendi kubwa ya mabasi kwenye barabara ya punda. Simu inaandika 3G, vijiti vinne, na picha inazunguka.

Baada ya busta kuna Nairobi, na baada ya Nairobi kuna dunia. Mpaka mwaka 2009 intaneti yetu ilipanda juu kwenye setilaiti, kilomita 36,000, na kurudi. Safari ya kwenda na kurudi ilikula zaidi ya nusu sekunde hata kama una redio nzuri namna gani. Mwaka huo nyaya za faiba za TEAMS na SEACOM ziliingia Mombasa kutoka baharini, na serikali ikawa inalaza faiba ya NOFBI kuelekea makao ya wilaya. Busta za mjini zikaanza kuunganishwa na faiba badala ya sahani. Kwa maoni yangu mwaka 2009 ulibadilisha intaneti ya simu huku kwetu kuliko herufi yoyote iliyowahi kuandikwa juu ya kioo cha simu.

Kwa nini kampuni zilikubali gharama zote hizi? Kwa sababu sauti ilikuwa inakuwa rahisi. Julai 2010 CCK ilishusha ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kumalizia simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Agosti, Zain, ambayo kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imegeuka Airtel, ikashusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika, na wengine wakalazimika kufuata. Mwananchi alifurahi. Mhasibu wa kampuni akaona kwamba mapato ya kesho hayatatoka kwenye "haloo".

Desemba 2014 Safaricom ikafungua 4G. Hapa ndugu zangu ndipo mambo yalipogeuka kabisa. Katika 4G hakuna njia ya sauti. Kila kitu ni pakiti. Sauti, iliyokuwa bwana wa nyumba, imekuwa mgeni: ama inafungwa katika pakiti kama mzigo mwingine wowote, ama simu inashuka hadi 3G au 2G ili uongee, kisha inapanda tena. Ukiona simu yako ya 4G inabadilisha herufi kila ukipigiwa, ndiyo maana yake. Oktoba 2022 ikafuata 5G kibiashara.

Sasa nije kwenye kazi iliyonifanya niandike haya yote.

Kuna chama kidogo cha ushirika wa maziwa upande wa Imenti Kusini kilichoniita nikitengenezee programu. Kila alfajiri wakulima huteremsha maziwa hadi vituo vya kando ya njia. Karani anapima, anaandika kwenye daftari lake na kwenye kitabu cha mkulima, gari linapakia na kuondoka. Mwisho wa mwezi madaftari yakikutana ofisini ndipo ugomvi huanza. Huyu anasema alileta kilo saba, daftari linasoma moja, maana wino ulilowa mvua. Kwa mtu mwenye ng'ombe wawili, kilo sita ni karo au ni dawa.

Mweka hazina ni mwalimu mstaafu, na alikuwa na mpango wake tayari. "Kijana," aliniambia, "sasa 4G imefika hapa. Tununulie makarani simu kubwa, kila kipimo kiingie moja kwa moja kwenye kompyuta ya ofisi. Mkulima akifika nyumbani akute tayari."

"Sawa, Mwalimu," nikamjibu. "Lakini naomba kwanza nizunguke vituo vyote saa ya maziwa."

"Kwani hunisadiki? Hapa ofisini ninaona mechi kwenye simu!"

"Ninakusadiki, Mwalimu. Ila maziwa hayapimiwi ofisini."

Nikazunguka kwa bodaboda siku tatu, kuanzia saa kumi na moja na nusu. Vituo vya kando ya lami vilikuwa na 4G safi. Ukiacha lami na kuteremka kuelekea mto, herufi zinaanguka moja moja: 4G, H, halafu E. Katika vituo vinne vya chini nilipata E tupu, na kimoja hakikuwa na chochote mpaka upande hatua mia moja hivi kurudi kwenye mkahawa. Na kituo hicho ndicho chenye maziwa mengi kuliko vyote, kwa sababu majani mazuri yako karibu na mto.

Nikiandika programu inayongoja 4G, wakulima wa mto watabaki na daftari, na wa lami watakuwa na SMS ya uthibitisho. Ndani ya chama kimoja kungekuwa na watu wa aina mbili: wenye ushahidi na wasio na ushahidi. Fikiria mkutano mkuu wa mwaka ungekuwaje!

Kwa hiyo nilianza chini nikapanda juu. Kwanza, simu ya karani inahifadhi kila kipimo ndani yake, netiweki iwepo isiwepo. Pili, inatuma kwa njia yoyote inayopatikana. Ikiwa kuna E tu, inatumia SMS ile ya baiti 140. Hesabu yangu ilikuwa hivi: namba ya mwanachama baiti 2, uzito baiti 2, saa baiti 2, na baiti 1 ya kukagua makosa. Jumla 7 kwa mkulima. Ukiondoa baiti 7 za kuonyesha ni programu gani ipokee, na 7 za kituo na tarehe, zinabaki 126, yaani wakulima 18 kwa ujumbe mmoja. Kituo kizima kinaingia katika SMS mbili au tatu! Tatu, karani wa kile kituo kisicho na netiweki hana la kufanya zaidi ya kupanda ile njia na gari. Wakifika mkahawani simu inajituma yenyewe mfukoni mwake. Na mkulima, awe na simu ya laki moja au mulika mwizi, anapata SMS ya kilo zake.

Mwalimu hakufurahi sana mwanzoni. Alitaka kitu chenye picha na rangi. Nikampa rangi kwenye kompyuta ya ofisi, wakulima nikawapa kilo zao. Siku ya tatu ya majaribio alinipigia mwenyewe akasema maneno ya kituo cha mto yamefika kabla ya gari. Nadhani hapo tulielewana.

Nisemalo ni hili. Watu husema mtandao "umepandishwa" kutoka 2G hadi 3G hadi 4G kana kwamba ule wa chini uliondoka. Haukuondoka. Ni tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka jipya lilianza mjini na kuteremka polepole, mengine hayajafika chini mpaka leo. Anayeishi Embu mjini anatumia tabaka la juu. Anayeishi bonde la mto, au nyanda za Mbeere, mara nyingi anaishi kwenye tabaka la mwaka 2000. Wote wawili ni wateja, na pesa zao zinapita kwenye busta zile zile.

Tena tabaka la chini lina umri mrefu kuliko tunavyodhani. Uingereza, Vodafone na EE zilimaliza kuzima 3G mwaka 2024, lakini 2G zikaiacha ikiendelea, kwa sababu ndiyo inayobeba simu za zamani na vifaa vidogo vidogo vya kupimia. Kubwa likaondoka, kongwe likabaki. Siku 2G nayo itakapozimwa huku kwetu, swali la kwanza kuuliza halitakuwa la kasi. Litakuwa: wenye mulika mwizi wote wameshapata simu ya 4G? Kiwanda cha Athi River kilianza kuunganisha simu za bei nafuu za 4G mwaka 2023, na hilo ni jema. Lakini simu ya maelfu ya shilingi bado ni maziwa ya siku nyingi kwa mtu wa ng'ombe wawili.

Kwa vijana wenzangu wanaoandika programu Nairobi wakiwa na faiba ofisini: kabla hujaandika mstari wa kwanza, panda matatu uende mahali programu yako itatumika, saa itakapotumika. Zima 4G kwenye simu yako ubaki na E siku nzima. Programu ikikushinda hapo, haijawa tayari kwa Kiritiri wala Tharaka.

Na wewe uliyeniuliza kuhusu vijiti vinne: usitazame vijiti, tazama ile herufi kando yake. Ikiwa ni E, unapokezana zamu na waongeaji, ngoja usiku uingie. Ikiwa ni H au 3G na bado picha inazunguka, huenda soko limejaa au barabara ya nyuma ya busta ni nyembamba; sogea karibu na busta, au jaribu alfajiri. Ikiwa ni 4G na bado haifunguki, angalia bando lako kwanza. Mara nyingi limekwisha jana usiku.

Mpaka wakati mwingine, kwaherini.